Rali kwenye mvua ya masika: namna ya kurudi na picha, na kamera ikiwa nzima

Wadau wa picha, kitu nilichochelewa sana kukijua ni kwamba mvua haionekani kwenye picha kama nyuma yake kuna mawingu meupe. Unasimama masaa matatu umelowa mpaka soksi, gari zinapita zinarusha tope, ukifika nyumbani ukafungua kompyuta unakuta gari ipo kwenye ukijivu tu kama asubuhi yoyote ya mawingu, ile mvua iliyokupiga haipo. Afu kuna mwenzako alisimama hatua ishirini toka ulipokuwa, nyuma ya kona yake kulikuwa na migomba imefungana mpaka giza, na kwake kila tone linaonekana kama uzi mweupe. Na kamera yake ya kawaida kabisa. Toka siku ile mvua naipiga picha yenyewe, na haya hapa ndo nayafanya kila masika huku Arusha na Moshi, kuanzia siku moja kabla mpaka kamera inapokauka. Naongelea rali zaidi ila ukienda kupiga pikipiki za matope ni yale yale.

1. Siku moja kabla, kajue udongo na kajue maji yanapita wapi

Udongo wa huku unabadilika ukishuka tu kilomita chache. Juu kwenye miteremko ya mlima, kule Machame, Kibosho, Marangu, na huku Arusha upande wa Ngaramtoni ukipanda, ni mwekundu, ukilowa unateleza kama sabuni, gari inaingia kona ikiwa imelala upande na maji yanayoruka yana rangi ya chai ya maziwa. Ukishuka tambarare unakutana na udongo mweusi wa mbuga, huo unavimba, unashika matairi, gari zinapunguza mwendo na kuchimba mitaro. Kwangu picha za udongo mwekundu ni za mwendo, za udongo mweusi ni za mapambano, kwa hiyo kabla hujatoka jiulize unataka ipi.

Udongo mweusi una kitu kingine, gari ikishapita mara mbili inakuwa rangi moja na barabara, namba haisomeki, rangi za timu hamna. Kama kuna mtu amekuomba picha za gari yake mpige kwenye steji (kipande cha barabara kinachofungwa kwa mashindano) ya kwanza ya asubuhi, zile za mchana mbaki nazo kama kumbukumbu ya tope.

Wazee waliokuwa wanafuatilia Safari Rally enzi zile wanalijua hili vizuri. Ile rali ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, baadae ikazoeleka kuwa ya Pasaka, yaani masika penyewe, na mwaka 1963 na mwaka 1968 zilimaliza gari saba tu kwa matope, na miaka yote miwili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff na Peugeot 404. Ukitafuta picha za miaka ile utaona zinazokaa kichwani ni za watu wanasukuma, dereva ameshuka kavaa tope mpaka magotini, gari imeinama mtaroni. Kwa hiyo ukiona gari imezama na wewe uko sehemu salama usigeuze kamera kusubiri inayofuata, hapo ndo picha ilipo.

Sasa maji. Makorongo ya huku yanajaa hata kama ulipo hakuna mvua, inanyesha juu Mlima Meru au juu Kilimanjaro, nusu saa baadae maji yanashuka na magogo. Usipaki gari ndani ya korongo kavu, usikae ndani ya korongo hata kama pembe ya picha ni nzuri kiasi gani, na ukivuka korongo kwenda upande wa pili wakati wa asubuhi ujue unaweza usirudi mpaka jioni, beba chakula na maji. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wanaogopa gari za mashindano wanasahau maji.

2. Vitu vya kubeba

Hapa sio lazima uwe na pesa. Makava ya mvua ya kamera yanauzwa lakini mimi miaka mingi nimetumia nailoni ngumu angavu ile inayouzwa kwa mita madukani, nakata kipande kama mita moja, nashona kama soksi pana kwa salotepu, nafunga mbele kwenye hudi ya lenzi (kile kikingio kinachotokeza mbele ya kioo) kwa mipira miwili na nyuma naacha wazi mikono iingie. Mifuko ile laini ya zamani ilipigwa marufuku Juni 2019 na hata hivo ilikuwa inachanika, nailoni ngumu ni bora. Akiba yangu ni kofia za kuogea zile za gesti, inavaa kwenye kamera sekunde moja mvua ikikushtukiza.

Hudi ya lenzi ni lazima. Sio mapambo, ni paa la kioo chako. Kama lenzi yako haikuja nayo tafuta, au tengeneza kwa kadibodi nyeusi uizungushie salotepu ngumu.

Vitambaa vya kufutia kioo, vile laini vya miwani, beba sita au nane, kila kimoja ndani ya kifuko chake kinachofunga, na visambaze mwilini, viwili mfuko wa shati ndani ya koti, viwili begi, viwili suruali. Kitambaa kikishalowa kimekufa, usikirudishe na vikavu. Taulo dogo la pamba au kipande cha kanga iliyofuliwa mara nyingi ni kwa ajili ya mwili wa kamera na mikono, kioo hapana, maana kanga ikishakuwa na punje moja ya mchanga imekuchora lenzi.

Mengine haraka haraka: betri mbili za ziada ndani ya nguo karibu na mwili, memori kadi uliyoiformati nyumbani ili usifungue mlango wa kadi kwenye mvua, gambuti, koti la mvua lenye kofia, na ndoo ndogo yenye mfuniko. Ndoo ni kiti, ni stoo kavu, na ikigeuzwa ni ngazi ya kuonea juu ya nyasi. Mwamvuli acha, upepo wa mlimani utakunyang'anya mkono wakati gari inakuja, na wenzako nyuma hawaoni kitu.

3. Fika mapema, simama sehemu sahihi

Barabara ya steji inafungwa mapema kabla gari ya kwanza haijaanza, na kwenye matope gari yako ndogo au bodaboda itatumia muda mara mbili. Paki kwenye changarawe, pua ikiangalia kutokea. Zile gari za waandaaji zenye namba za sifuri zinapita kwanza, zikipita hizo hakuna tena kuvuka barabara, hata kama ni hatua tatu tu, hata kama umeona kona nzuri zaidi upande ule.

Kuhusu kusimama, nje ya kona ni marufuku. Kwenye vumbi dereva ana nafasi ya kurekebisha, kwenye tope gari ikishaanza kuteleza inaenda moja kwa moja inakotaka yenyewe, na inakotaka ni nje ya kona. Simama upande wa ndani, juu ya tuta, na nyuma yako kuwe wazi pa kukimbilia, yaani kabla hujatoa kamera geuka nyuma uangalie, ukikuta shimo au uzio wa miiba hapo hapafai. Kwenye udongo mwekundu mwenyewe unateleza, kwa hiyo piga hatua mbili tatu za majaribio ukiwa umeacha kamera shingoni uone kama miguu inashika. Mtaro wa pembeni ya barabara usiingie kamwe, gari ikikosea ndo inaishia humo.

Mwaka 1986 kule Ureno, kwenye rali ya dunia, watazamaji walikuwa wamesimama mpaka barabarani, dereva Joaquim Santos akapoteza gari yake aina ya Ford RS200 ikaingia kwenye watu, wakafa watatu na wengi wakaumia. Pale palikuwa pakavu. Nikiwaona vijana wetu wamekaa ukingoni na simu zao huku inanyesha naumia kweli, na wewe ukiwa na kamera kubwa shingoni wanakuangalia wewe unasimama wapi, ukisogea mbele na wao watasogea. Simama vizuri kwa ajili yao pia. Marshali (msimamizi wa usalama wa njia) akipuliza filimbi rudi nyuma bila ubishi. Na radi zikianza, toka chini ya mti mrefu.

4. Chagua kilicho nyuma ya gari kwanza, gari baadae

Hapa nakaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Nikifika kwenye kona siangalii barabara, naangalia ng'ambo. Natafuta weusi: migomba, kahawa chini ya miti mikubwa, ukuta wa udongo uliochimbwa, miti iliyofungana. Huku miteremkoni tuna bahati kubwa, kihamba (shamba la migomba na kahawa) cha Kibosho siku ya mvua kina giza la kutosha kuonyesha kila tone. Ukiwa tambarare ambako hakuna miti panda kidogo juu ya tuta ili uangalie chini, nyuma ya gari iwe ardhi iliyolowa badala ya anga. Anga likiingia kwenye fremu hata robo mvua yako inaanza kufutika.

Kitu cha pili ni mwanga. Taa za gari kwenye mvua ni zawadi, gari ikija moja kwa moja na taa zimewashwa matone yaliyo mbele ya taa yanawaka. Ila taa hizo zinaidanganya kamera, inaona mwanga mkali inapunguza, gari inatoka nyeusi. Ongeza kwa mkono, mimi huwa naweka fidia ya mwanga ya +0.7 au +1 gari zikija na taa, afu narudisha sifuri zikipita kwa ubavu. Flashi izime kabisa. Flashi inapiga matone yaliyo karibu na lenzi yako, unapata madoa meupe makubwa kama theluji na gari haionekani, na tena unaweza kumpofusha dereva.

5. Setingi

Weka RAW (faili ghafi la picha ambalo kamera haijalibana), kwa sababu mvua inakula rangi na utahitaji kuzirudisha taratibu. Setingi ya rangi nyeupe (white balance) iweke kwenye alama ya mawingu. Fokasi iwe ile inayofuata kitu kinachotembea, na tumia pointi moja ya katikati au kundi dogo, ukiiachia kamera ichague yenyewe itashika tone la mvua au jani la mgomba lililo karibu. Lenzi yako kama ina kiswichi cha kuzuia fokasi isije karibu, kiwashe, kinasaidia sana.

Shata spidi, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, ndo inaamua mvua iweje, na hesabu yake ni rahisi. Tone kubwa la mvua linashuka kama mita 9 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/1000 ya sekunde limeshuka chini ya sentimita moja, linatoka kama nukta. Ukipiga 1/125 limeshuka kama sentimita 7, linakuwa mstari. Ukipiga 1/60 ni sentimita 15, linakuwa uzi. Gari nayo ikiwa kwenye kilomita 100 kwa saa inasogea karibu mita 28 kwa sekunde, kwa 1/1000 ni sentimita 3 hivi, kwa 1/125 ni zaidi ya sentimita 20. Kwa hiyo ukitaka tope lililoganda hewani nenda 1/1000 mpaka 1/1600, ukitaka mvua ionekane mistari shuka 1/125 lakini hapo lazima kamera iende na gari, nitaeleza chini. Katikati, 1/400 na 1/500, ni sehemu ambayo haina tope lililoganda vizuri wala mistari ya maana, mimi naikwepa.

ISO, yaani kiasi kamera inavyohisi mwanga, usiiogope. Mchana wa masika chini ya migomba, f/4 (tundu la lenzi) na 1/1000, utajikuta 1600 au 3200 na hiyo ni sawa kabisa, chengachenga kwenye picha ya matope haimsumbui mtu, ila gari iliyotikisika kwa sababu umeogopa ISO hairekebishiki.

6. Kioo cha mbele kikae kikavu

Kama unakumbuka kitu kimoja kwenye vifaa kumbuka hiki. Tone moja kwenye kioo cha mbele kwa lenzi ndefu halionekani kama tone, linaonekana kama ukungu, picha yote inakosa ukali, na kwenye skrini ndogo pale uwanjani hutagundua. Nimewahi kupoteza steji nzima hivo, gari zaidi ya kumi, zote laini kama zimepakwa mafuta, na sikurudi kuzipata tena.

Utaratibu wangu sasa ni huu. Kati ya gari na gari kuna dakika mbili hivi, muda wote huo kamera inaangalia chini, kifuani ndani ya koti, mkono unaziba hudi. Nikisikia gari inakuja, na kwenye mvua kubwa kelele za mvua zinafunika mlio kwa hiyo tega sikio kweli au angalia marshali wa kona ya juu anageuka, natoa kitambaa kikavu mkono wa kushoto, napangusa mara moja kutoka katikati kwenda nje, nanyanyua, napiga, nashusha. Usinyanyue kamera mapema ukakaa nayo inatazama juu, sekunde kumi zinatosha kuharibu. Upepo ukivuma unakuja usoni geuka, tafuta upande ambao mvua inapiga mgongo wako. Hii pia inaamua kona, nimeshaacha kona nzuri kwa sababu ya upepo na sijutii.

Jicho la kutazamia nalo linaingia ukungu kwa pumzi yako, pumua kwa pua ukielekeza chini au shikilia pumzi gari ikifika. Na lenzi usibadilishe kwenye mvua, toka nyumbani umeamua, lenzi ya milimita 70-200 inatosha sehemu kubwa ya kazi. Kama una kamera mbili ndo uweke lenzi pana kwenye ya pili kwa ajili ya watu na gari zilizozama.

7. Dimbwi

Dimbwi zuri ni lile lililo kwenye mstari ambao gari lazima zipite, baada ya mteremko mdogo. Angalia gari ya kwanza bila kupiga, uone maji yanarukia wapi na yanafika wapi, maana tope lenye mawe linaweza kuruka mita nyingi na jiwe likipiga kioo cha lenzi umeumia. Kaa mbele ya dimbwi kwa pembeni, umbali wa mita 25 au 30 na juu kidogo, ili uone pua ya gari na bawa la maji pamoja. Anza kufyatua kabla tairi haijagusa maji, ukisubiri uone maji ndo ubonyeze umechelewa, mkono wa binadamu unachelewa kama sehemu ya tano ya sekunde na kwa mwendo ule gari imeshasogea zaidi ya mita 5. Fyatua mfululizo, picha 6 hivi, afu acha, usijaze kumbukumbu ya kamera ikagoma gari inayofuata. Bawa la maji linakuwa kubwa zaidi nusu sekunde baada ya tairi kuingia, hiyo mara nyingi ni picha ya nne au ya tano.

8. Kufuata gari kwa shata ya chini

Simama ubavuni mwa barabara iliyonyooka, mbali kiasi, miguu imekanyaga kuelekea pale gari itakapokuwa mbele yako, kiuno ndo kinageuka. Ishike gari mapema, iweke pointi ya fokasi kwenye mlango wa dereva, zunguka nayo, bonyeza ikiwa mbele yako na endelea kuzunguka hata baada ya kubonyeza. Kama lenzi ina kizuia mtikisiko weka ile namba mbili inayokubali mwendo wa ubavu. Anza na 1/250, ukiona unashika shuka 1/125, afu 1/60. Nyingi zitaharibika, ni kawaida ya mtindo huu kwa kila mtu.

Mazoezi usiyafanye siku ya rali. Kaa kibarazani Mianzini hapa Arusha au pale Mbuyuni Moshi siku ya mvua, vifodi (daladala ndogo) na bodaboda zinapita siku nzima bila kiingilio, piga mia mbili, nenda nyumbani uangalie, kesho rudi. Ukiweza kuishika bodaboda kwa 1/60 kwenye mvua Subaru haikusumbui, maana bodaboda inayumba na Subaru ikinyooka imenyooka.

9. Kama una simu tu

Skrini ikilowa inabonyezeka yenyewe, kwa hiyo tumia kitufe cha sauti kufyatua. Futa kioo cha kamera kila mara kwa shati la ndani. Shikilia kidole kwenye sehemu ya barabara ambapo gari itapita mpaka fokasi ijifunge, afu subiri. Usivute karibu kwa zumu ya kidijitali, piga pana, onyesha mlima, watu na miamvuli yao, gari iwe ndogo ndani ya mvua. Picha za namna hiyo mimi mwenye lenzi ndefu sizipati.

10. Kukausha

Ukimaliza futa kamera nje kwa taulo huku bado imezimwa, iweke kwenye begi, funga zipu. Ukiingia kwenye gari yenye hita au nyumbani kwenye joto usilifungue, liache kama saa moja au zaidi joto lilingane, ukifungua haraka unyevu wa hewa unaganda ndani ya lenzi kama jasho la chupa ya soda. Memori kadi kama una haraka ya kutuma picha itoe kabla hujaingia ndani.

Afu toa betri, toa kadi, toa lenzi, acha milango yote wazi juu ya taulo kavu mbele ya feni isiyo ya moto. Drai ya nywele hapana, inasukuma maji ndani zaidi na inalegeza gundi. Mchele nao hapana, unaacha vumbi na unga kwenye viungo, tumia vile vipakti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vikusanye mwaka mzima kwenye kopo la kufunga. Tope kwenye hudi na kwenye pete za lenzi liache likauke ulitoe kwa brashi laini, ukilisugua bichi unasagia mchanga ndani.

Usiwashe kamera kuangalia kama inafanya kazi. Najua hamu ilivyo, mimi kamera yangu ya kwanza ilikufa hivo, iliingia maji kidogo kwenye kitufe, ningeiacha siku mbili ingepona, nikaiwasha usiku ule ule ikaungua. Iache mpaka kesho kutwa, iwashe, bonyeza kila kitufe kimoja kimoja, afu chukua lenzi uitazame dhidi ya taa ya simu ikitokea nyuma. Ukiona ukungu mweupe kwenye kioo cha ndani irudishe kwenye kopo na vipakti siku tatu nyingine, ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui hiyo ni fangasi, mpelekee fundi wiki hiyo hiyo kabla haijahamia lenzi ya pembeni yake kabatini.